Namba Sita Kwenye Simu ya Germain

Kikula, Likasi, tarehe 12 Januari 2025

Yaya Fortunée, dada yangu mkubwa,

Huku sote tumeamka, na wewe najua umetangulia kuamka kwa sababu ya kengele zenu. Eugène wa parokia amepita kuniambia kwamba kesho anakwenda huko kwenu monasterini kuchukua hosti za misa, basi naandika mbio kwenye meza ya jikoni. Ukiona mafuta kwenye karatasi, unisamehe.

Germain yuko Koni wiki hii, zamu yake kwenye mashine za umeme. Akirudi Jumamosi hapumziki, anakwenda moja kwa moja kufundisha korali. Wale wanaume wa sauti ya nne wanamtii kuliko mimi mke wake ninavyomtii, na yeye mwenyewe anasema hivyo mbele ya watu.

Mutuelle yetu, chama chetu cha kuwekeana fedha, inaendelea vizuri. Tuko wamama wanane, kila mmoja na meza yake sokoni: vitenge, nywele za bandia, nguo za watoto. Tangu mwaka jana tuna kadi moja ya benki kwa wote. Tunaweka fedha pamoja, tunaagiza vitu kwa simu kutoka Dubai na China, na hatupigi magoti tena mbele ya wauzaji wa jumla. Kadi inakaa kwangu kwenye kopo la kahawa. Namba zake kila mama anazo kwenye daftari lake, maana kadi ni ya wote.

Sasa nikuchekeshe. Juzijuzi nimetazama hesabu ya kadi, nikaona dola moja imetoka, imekwenda kwenye duka ambalo jina lake halisomeki. Ilikuwa siku ya pili ya kilio cha mama yake Mélanie, president wetu. Niliwaonyesha wawili watatu, na kila mmoja akadhani ni mwenzake amejinunulia kitu. Unajua kwenye kilio haulizwi mtu habari ya fedha isipokuwa ya sanduku la marehemu. Tukanyamaza. Kilio kilipokwisha, kurudi kuuliza kwa ajili ya dola moja ingekuwa aibu. Ndivyo tunavyoaminiana, yaya, hata wewe huko mnakoomba kutwa sijui kama mmefika hapo.

Nimeona pia kwenye simu mashine za kushona zenye mota, bei yake theluthi ya bei ya hapa. Ingekuwa nzuri kwa vitenge vya tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, tushone wenyewe. Nimetazama tu.

Utuombee.

Mdogo wako, Danielle

---

Monasteri, karibu na Lubumbashi, tarehe 2 Februari 2025

Danielle, mdogo wangu,

Barua yako ilinuka mafuta ya mawese, na Mama Priore, mkuu wetu humu, aliinusa kabla yangu. Amesema sasa anajua Likasi mnakula nini.

Ulitaka nicheke ile dola moja. Sikucheka. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye dirisha la kadi, pale benki, kabla sijaja kujifungia humu, na dola moja ya namna hiyo niliiona mara nyingi. Mwizi wa kadi haji na panga. Namba za kadi zinauzwa kwenye mtandao kama nyanya, kwa mafungu, na anayenunua fungu hajui ipi imeoza. Basi anazijaribu. Anatoa dola moja, au nusu dola, kwenye duka lenye jina lisilo na maana. Asiposikia kelele, anajua kadi ni nzima na wenyewe wamelala. Halafu anangoja. Anaweza kungoja mwezi, mpaka muweke fedha za kutosha.

Namba zenu zilimfikiaje, sijui. Madaftari manane ni milango minane. Au mmoja wenu ameingia duka la uongo. Duka la uongo lina alama zake. Bei inakimbiza akili. Kuna saa inayohesabu dakika, ili usipate muda wa kufikiri. Jina ni la duka kubwa unalolijua, lakini limeongezwa herufi moja. Halina mtaa wala mji, lina namba ya WhatsApp tu. Na linakuomba picha ya kadi, mbele na nyuma. Duka la kweli halina kazi na picha ya mgongo wa kadi, maana zile namba tatu za mgongoni ndizo ufunguo. Mashine zako za kushona umesema umezitazama tu. Vizuri. Macho hayalipi.

Kuna jambo moja tena, na hili ndilo kubwa. Mwizi akishapata namba zote, dola moja inapita, lakini kwa fedha nyingi bado anakosa ile code ya namba sita inayoingia kwenye simu wakati wa kulipa. Ataitafuta kwa kupiga simu. Atajua jina lako. Atasema yeye ndiye benki, na kwamba wakati huo huo kuna mtu anawaibia. Atakuharakisha, atakukataza kukata simu. Mwizi ndiye anayepiga kelele za mwizi, Danielle. Benki haimwombi mtu code yake, hata siku moja, hata Askofu haombwi.

Kwa hiyo, ukiisha kusoma hapa, nenda ufunge kadi. Usingoje mkutano wa wamama. Afadhali wakukasirikie wiki moja.

Msalimie Germain. Mwambie sauti ya nne ikizidi inakuwa ngurumo, na Mungu si kiziwi.

Yaya wako, Sista Fortunée

---

Kikula, tarehe 20 Februari 2025

Yaya,

Kadi imekombwa. Alhamisi iliyopita, tarehe kumi na tatu, asubuhi, mara tatu ndani ya robo saa. Dola elfu moja na mia moja. Zilikuwa fedha za vitenge vya Machi na za mali ya miezi miwili ya sisi sote.

Barua yako ilichelewa kunifikia. Ningeipata mapema ningefunga.

Tulikwenda benki wote wanane. Kijana wa pale alitazama mashine yake, akasema code ilitolewa sawasawa, kwa hiyo kwao ni malipo kama malipo mengine, hawarudishi. Wamama wakatoka nje, wakasimama kwenye jua. Hakuna aliyelia. Mélanie akasema kadi ilikuwa inalala kwangu, basi mwizi naye analala kwangu. Alisema polepole, kama mtu anayetaja bei.

Mimi ninapika, ninafua, ninakwenda sokoni. Sisikii kitu. Jana nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu na nikachelewa kuiachia.

Nakuomba kitu kimoja. Niandikie karatasi, na jina lako na kazi uliyofanya benki, ueleze kwamba wezi hawa wako mbali na hawana haja ya mtu wa ndani. Wamama wanakuheshimu. Ukisema wewe, wataiacha nyumba yangu.

Germain anakusalimu. Hasemi sana.

Danielle

---

Monasteri, tarehe 2 Machi 2025

Danielle,

Jumatano ni Majivu. Kuanzia hapo hatuandiki barua na hatupokei mpaka Pasaka. Zinazofika Mama Priore anaziweka kwenye saraka ya meza yake, na ufunguo anao yeye. Kwa hiyo hii ni ya mwisho kwa siku arobaini, isome vizuri.

Karatasi uliyoiomba siwezi kuiandika kama ulivyoiomba. Ningekuwa nasema uongo, na mwanamke mmoja kati ya wale saba akiwa na ndugu anayefanya kazi benki, uongo ungekwisha siku hiyo hiyo. Code haina miguu. Kuna mtu aliyeisoma.

Eugène nimemwuliza kwenye dirisha la sebule. Amesema barua yangu aliitia mkononi mwako Jumamosi tarehe nane, kabla ya misa ya jioni. Sijamwambia neno, na wewe pia sikuulizi. Nadhani najua ilivyokuwa. Nimewaona wengi, Danielle, walikuja dirishani kwangu na nguo za kazini, watu wazima, na hawakuweza kuniangalia. Nimeandika karatasi ya kweli, na nimeiandika kwa namna ambayo aliyetoa code ataweza kusimama mbele ya wamama na akabaki na jina lake. Isome yote, kwa sauti, bila kuruka:

«Kwa wamama wa mutuelle, salamu. Mimi nimefanya kazi ya kadi miaka kumi na moja. Hakuna mwizi anayekisia code. Inaingia kwenye simu moja tu, ile ambayo namba yake iliandikwa benki siku kadi ilipochukuliwa. Ikitoka, imetoka kwenye simu hiyo, kwa mdomo wa mwenye simu. Mkitaka kujua, mtazameni mwenye simu.

Lakini mkishamjua, msimwite mwizi. Amepigiwa na watu ambao kazi yao ni hiyo tangu asubuhi hadi jioni, wanaojua jina lake na wanaojua kutisha. Nimeona daktari akitoa code yake. Nimeona mwalimu wa hesabu. Aliyetoa code ni wa kwanza kuibiwa, ninyi ni wa pili. Mkimfukuza, wale wezi watakuwa wamechukua na mtu juu ya fedha. Fungeni kadi, pateni nyingine, na namba zisiandikwe tena kwenye madaftari.»

Basi. Jipe moyo. Mtu haanguki akabaki chini kwa sababu ya kosa la robo saa.

Fortunée

---

Kikula, tarehe 14 Machi 2025

Yaya,

Najua hii hutaisoma sasa. Itakaa kwenye saraka ya Mama Priore mpaka Pasaka. Ndiyo maana naweza kuiandika.

Namba ya simu iliyoandikwa benki si yangu. Ni ya Germain. Siku tulipochukua kadi, laini yangu haikuwa imeandikishwa kwa jina langu, na yule wa benki alitaka mtu mwenye mshahara. Germain aliweka namba yake kutusaidia. Wamama wote walikuwepo. Wewe hukujua, na mimi sikukwambia.

Nitaanza mwanzo. Ile mashine ya kushona sikuitazama tu. Nilikuwa nimekwisha kupiga picha ya kadi, mbele na nyuma, na kuwatumia, siku tatu kabla ya ile dola moja. Nilitaka iwe zawadi ya ghafla kwa wamama, tushonee vitenge vya Machi. Saa ya dakika ilikuwepo, kama ulivyosema. Herufi ya ziada pia ilikuwepo, nimeiona baadaye. Na barua yako ilifika tarehe nane, Eugène hakudanganya. Niliisoma mara mbili. Kufunga kadi kulitaka sahihi za watatu, na ningeulizwa kwa nini, na ningepaswa kusema habari ya mashine. Nikasema ngoja mashine ifike kwanza, nitafunga na mashine iko mezani.

Tarehe kumi na tatu simu ikalia. Sauti ya kijana, Kiswahili cha hapa hapa. «Bonjour mama Danielle, huku ni banki. Kuko muntu anaiba kadi yenu sasa hivi. Tunataka kumufungia njia. Usikate telefone.» Yaya, nilikuwa na barua yako kwenye kopo la kahawa, pamoja na kadi. Kila kitu alichosema kilikuwa kimeandikwa mle. Lakini niliposikia kuna anayeiba, kichwani mwangu kulikuwa na neno moja tu, fanya upesi. Nilidhani Mungu amenipa nafasi ya kurekebisha kabla mtu hajajua.

Akaniambia kuna namba sita zimeingia. Kwangu hazikuingia. Nikachukua simu ya jirani, nikampigia Germain kazini. Akasema namba imekuja na onyo: «Ndiyo, kuko namba imeingia. Lakini banaandika asema usipatie muntu hata moja.» Nikamwambia mimi si mtu wa nje: «Minye njo muntu? Minye bibi yako. Soma.» Nyuma yake mashine za Koni zilikuwa zinaunguruma. Akasoma. Mara tatu alisoma, kila mara namba mpya, na kila mara mimi nikazirudia kwenye simu ile nyingine, moja moja, kama mtoto anayesoma ubaoni.

Tarehe tisa, Jumapili, wamama walikuja nyumbani. Jana yake watu wote walikuwa wameandamana na vitenge vipya isipokuwa sisi. Nilisoma karatasi yako. Nilipofika kwenye «mtazameni mwenye simu», wote wakageuka wakamtazama Germain. Alikuwa amekaa mlangoni, anafunga kamba za viatu aende korali. Mélanie akamwuliza habari ya fedha: «Weye Germain, njo weye ulikula makuta yetu?»

Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi. Sehemu ya pili ilikuwa bado. Germain alinitazama. Nilingoja aseme. Sijui kama yeye alikuwa ananingoja mimi. Halafu akasema: «Telefone ni yangu. Code iliingia kwangu, ikatokea kwangu. Musisumbue bibi yangu.»

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Nikaikunja karatasi. Kisha nikaenda kuwaletea chai, kwa sababu maji yalikuwa yamechemka.

Danielle

---

Kikula, tarehe 4 Aprili 2025

Yaya,

Hii nayo itakwenda kwenye saraka.

Wamekwisha kumwondoa Germain kwenye korali. Hakuna aliyemtukana. Didier wa sauti ya pili alikuja kuomba daftari la nyimbo, Germain akampa, akamwonyesha hata wapi wanaimba vibaya. Sasa Germain amehamia kambi ya wafanyakazi ya Koni. Anasema zamu zimebadilika. Kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara wake inakwenda kwa Mélanie kulipa zilizoibwa, na hapiti hapa, Mélanie anaipokea kwa simu.

Siku aliyoondoka nilimwuliza kwa nini alisema vile. Akasema hakusema uongo wowote. Nikatafuta uongo kwenye maneno yake na kweli haupo.

Wamama wananihurumia. Jumanne walikuja wote saba na kitenge, kizuri, cha rangi ya kijani, wamechangishana katika taabu waliyonayo. Mélanie aliniambia: «Mama, kosa ya bwana haiko kosa ya bibi. Weye ubaki na sisi.» Wanataka niwe makamu wake. Nilisema asante. Nimekipeleka kwa fundi, kimeshonwa, kimenikaa vizuri.

Naona haya, yaya, lakini naiona kama mtu anavyoona nyumba ya jirani. Iko pale. Siingii.

Danielle

---

Monasteri, Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025

Danielle,

Mama Priore amefungua saraka jana baada ya chakula. Nimezisoma mbili pamoja, nimesimama kwenye ukumbi, masista wengine wanakula keki. Sista Jenny aliniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana.

Siku nzima nimetafuta hasira na sijaipata. Nikukaripie na nini? Ile karatasi ni mkono wangu. Kwenye dirisha la kadi, swali la kwanza nililomwuliza kila mtu lilikuwa hili: simu iliyoandikwa ni ya nani? Miaka kumi na moja sikuwahi kulisahau. Kwako sikuuliza, kwa kuwa ni wewe, na kwa kuwa nilijiona najua. Nilitaka kukutengenezea kiti ukalie, kumbe nimemkatia Germain jeneza. Kila neno mle ni la kweli. Ndilo linaloniuma.

Na barua ile ya kwanza, na alama zake zote, nayo nilidhani inatosha. Niliandika kana kwamba mtu anaibiwa kwa kutojua. Wewe ulijua. Ulikuwa na haya, na ukawa na haraka, na hizo mbili mwizi anazitegemea kuliko ujinga wetu. Hilo nilipaswa kuliandika mstari wa kwanza.

Sasa nisikilize. Mama Priore amenipa ruhusa nimwandikie Mélanie mwenyewe. Nimekataa. Nikiandika mimi, utakuwa tena umekaa kimya huku karatasi yangu inasomwa, na hiyo tumeshaiona inakofika. Uende wewe. Usimame mbele ya wale saba, useme: «Picha ya kadi niliituma mimi, code niliiomba mimi, bwana wangu alinionya na nikamlazimisha.» Halafu usome ile sehemu ya pili. Imekwisha kuandikwa, kazi yake ni kukusaidia wewe, na sasa imsaidie na yeye.

Usingoje kusikia kitu moyoni ndipo uende. Huenda hutasikia. Nenda hivyo hivyo, kama unavyokwenda sokoni.

Fortunée

---

Kikula, tarehe 19 Mei 2025

Yaya,

Nimesema.

Ilikuwa Jumapili tarehe kumi na moja, baada ya misa, nyumbani kwa Mélanie. Nilisimama. Nilisema habari ya mashine ya kushona na ya picha, mbele na nyuma. Nilisema siku na saa. Nilisema maneno ambayo Germain alinionya nayo na maneno ambayo mimi nilimjibu. Nilisema barua yako ilinifikia siku tano kabla, nikawaonyesha. Kisha nikasoma sehemu ya pili mpaka mwisho. Sauti haikutetemeka.

Walinisikiliza vizuri sana. Nikakaa. Halafu mama Simone, yule wa nguo za watoto, akaanza kulia, na mimi nikadhani basi, imefika. Akasema: «Mungu anipatie minye roho kama yako.» Wengine wakaitika. Mélanie akaja akanishika mabega. Akasema: «Mama, tunajua. Bibi muzuri anafunika bwana yake. Lakini usijibebeshe zambi yake. Yeye mwenyewe alikubali mbele yetu sote.»

Nikamwambia si hivyo. Nikamwambia atazame simu yangu, picha bado iko. Akaitazama. Akasema Germain aliweza kuchukua simu yangu nikilala. Nikasema alikuwa Koni. Akasema Koni si mbinguni. Nilijibu, nikajibu tena, na kila nilivyojibu walinipenda zaidi. Mwisho wakapiga makofi. Yaya, walinipigia makofi.

Jumamosi nilikwenda Koni kumwambia Germain. Tulikaa nje ya kambi, kwenye mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza wamama walisema nini. Nikamwambia. Akasema: «Basi.» Hakulisema kwa ubaya. Baadaye akaniuliza kama nimekula, akanipa nusu ya ugali wake wa bukari na samaki.

Jana alikuja misa, mara ya kwanza tangu Machi. Sijui kama ni kwa sababu nilikwenda kwake. Alikaa benchi ya mwisho karibu na mlango, peke yake, pande zote mbili wazi. Mutuelle inakaa mbele upande wa Bikira Maria, unajua, sasa sote na vitenge vya kijani kama kile changu. Niliwapita, nikarudi nyuma, nikakaa naye. Hakunitazama, lakini alisogeza kitabu cha nyimbo katikati yetu. Korali ikaanza, na sauti ya nne walikuwa wanaimba vibaya pale pale alipomwonyesha Didier. Nikaona kidole chake kinawahesabia juu ya goti.

Kabla ya Injili, Mélanie aliinuka. Alikuja mpaka nyuma, kanisa lote linatazama, akaninyooshea mkono. Hakumtazama Germain. Akaniambia kwa sauti ndogo: «Kuja mama. Nafasi yako iko kule.»

Nikainuka, nikaenda naye.

Danielle